Mianzi ya Ambilikile

Ukifyeka mianzi ya jirani, kima ni wageni wako. Mmemsikia shangazi yenu Tusekile akimtupia mumewe maneno hayo, mkacheka hadi mbavu kuuma. Mnacheka nini, nanyi hamjui? Kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Huku kwetu Rungwe, mlimani, palikuwa na majirani wawili, Gwakisa na Ambilikile. Kila mmoja alirithi kichaka cha mianzi kwa babu yake. Mianzi ya Ambilikile ilikuwa mirefu, imenyooka, na kima walishinda humo wakila machipukizi. Ya Gwakisa ilidumaa na kupinda. Basi kila aliyejenga nyumba alibisha hodi kwa Ambilikile. Gwakisa akisikia mianzi ile ikisifiwa, chakula hakishuki. Kijicho hicho, wajukuu zangu! Kilimkondesha.

Likaja suala la harusi ya binti yake, Sekela. Wakwe walikuja kutafuta mianzi ya kumjengea bibi harusi nyumba. Wakapita mlangoni kwa Gwakisa, wakamsalimu vizuri tu, wakaenda kwa Ambilikile.

"Hata nyumba ya mwanangu!" Gwakisa alisema, machozi ya hasira yakimlengalenga.

Ambilikile alipokwenda msibani ng'ambo ya mto, Gwakisa alishika panga akafyeka kichaka chote, hata machipukizi hakuyaacha. Akarudi nyumbani majani ya mianzi yamemganda mgongoni, akalala usingizi mnono.

Kima nao wana matumbo. Shamba lililopakana na kichaka kile lilikuwa la Gwakisa mwenyewe, mahindi ya karamu yakingoja kuvunwa. Wakashuka kundi zima.

"Mama Sekela! Njoo tuwafukuze, karamu inaliwa!"

Mkewe alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Nani kawafyekea kwao?"

"Acha maneno, njoo!"

"Siji ng'o! Majani niliyaona mgongoni mwako. Wageni wako hao, Baba Sekela. Wakaribishe."

Harusi ikafika, ghalani hamna hata punje. Aliyeleta mahindi ni Ambilikile, kutoka shamba lake la ng'ambo. Alikwishajua kila kitu, akasema tu, "Mtoto ni wetu sote." Wakwe wakala, wakashiba, wakayasifu mahindi ya Ambilikile mbele ya baba wa bibi harusi. Naye Gwakisa akatafuna kichwa chini, maana njaa haina kiburi.

Haya, sasa chekeni. Ukifyeka mianzi ya jirani, kima ni wageni wako.