Hati ya Taesi

Kisa hiki nilikisikia kwanza kwa Mama Leokadia, katekista wa kigango chetu, jioni nilipompelekea barua ya mwenyekiti wa jumuiya ili mwanangu abatizwe. Barua ilisema nahudhuria sala kila wiki. Mama Leokadia aliisoma, akaikunja, akanirudishia. Kisha akaanza kusimulia.

Inasimuliwa kwamba katika zama za waamini wa kwanza, katika mji mdogo kando ya Mto Nili, aliishi mjane mcha Mungu aitwaye Taesi, mfumaji wa kitani, mwenye mtoto anayenyonya. Ilitoka amri ya Kaisari kwamba kila mtu afukize ubani mbele ya sanamu na kupewa hati ya ushahidi. Asiye na hati alipelekwa kwenye machimbo ya mawe, na waliorudi kutoka huko walikuwa wachache mno.

Taesi alikusudia kukataa. Lakini kaka yake, Horioni, alimtangulia. Alifukiza kwa niaba yake, kama wengi walivyowafanyia ndugu zao, akaleta hati yenye jina la Taesi na kuitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Hukutenda wewe, dada," alimwambia. "Dhambi ni yangu. Wewe nyonyesha."

Taesi akaiacha hati pale pale, kwa kuwa mtoto alikuwa kifuani. Ikapita miezi mitatu. Kila alipopiga magoti, sala ilimkaukia kinywani. Alimwomba Mwenyezi Mungu ampe ishara, asipewe.

Siku moja askari walimkamata jirani yake, Bibi Tereu, kikongwe aliyetembea kwa kupapasa ukuta. Wakiwa naye, wakabisha hodi kwa Taesi, wakaisoma ile hati.

"Samahani kwa usumbufu, mama," askari alisema. "Laiti wote wangekuwa waelewa kama wewe."

Bibi Tereu aliyasikia maneno yale. Hakumlaumu. Aligeuza uso tu, wakaondoka naye.

Kesho yake Taesi alimnyonyesha mtoto mpaka akashiba, akamkabidhi Horioni, akaibeba hati mpaka kwa hakimu. Horioni alimfuata akimsihi, mtoto mikononi, lakini walinzi wakamzuia mlangoni.

"Sikufukiza mimi," Taesi alisema.

"Kuna aliyekuuliza?" hakimu akasema.

"Hakuna, bwana."

"Basi rudi nyumbani. Mtoto wako analia hapo nje."

"Namsikia."

"Nani alifukiza?"

"Si mimi," alijibu, akaiweka hati mbele ya hakimu.

Hakuna malaika aliyeshuka. Alipelekwa machimboni, na maziwa yakamvuja njia nzima mpaka yakakauka. Alimkuta Bibi Tereu ameshafariki. Inasimuliwa kwamba huko nako aliomba, na huko nako hakusikia jibu, ila aliendelea kuomba. Mwaka wa pili akafa. Kaburi lake halijulikani. Mtoto alikuzwa na Horioni kwa maziwa ya mbuzi, wala hakumkumbuka mama yake. Horioni hakutundika tena kitu kwenye ule msumari, na wanawake wa mji ule, siku ya kumkumbuka mtakatifu wao, huacha msumari mmoja mtupu nyuma ya mlango.

Nilimuuliza Mama Leokadia kama Taesi alipata amani walau mwishoni.

"Hatujaambiwa, mwanangu," alisema.

Nimelifikiri jibu lake. Nilidhani waja wema walisema kweli kwa sababu Mungu alikuwa karibu nao. Kumbe wengine waliisema wakiwa peke yao kabisa, na mtoto analia.

Asubuhi yake nilimnyonyesha mwanangu, nikambeba mgongoni, nikaenda kwa mwenyekiti. Nilimkuta anafagia uwanja. Nilimrudishia barua yake, nikamwambia sijahudhuria tangu Pasaka.