Sala za Nyumba ya Mwinjilisti Mbonea

Wametusimulia waliotutangulia katika imani ya kwamba huko milima ya Upare, zama Injili ingali mbichi, aliishi mwanamke mcha Mungu aitwaye Naetwe, mke wa Mwinjilisti Mbonea na mama wa Senyaeli, mtoto wao aliyekwisha kujitegemea. Nyumba yao ilisifika kwa ibada. Kila jioni, kabla ya chakula, walipiga magoti yeye, mumewe na Bibi Nakijwa, mama mzazi wa Mbonea. Kila mmoja aliomba kwa sauti, wengine wakaitikia Amina. Hiyo ndiyo sheria ya nyumba, na haikuwa na likizo.

Basi kiangazi kimoja Mbonea akamwachia jirani zamu yao ya maji ya mfereji. Alitenda wema, hapana ubishi, ila hakumwambia mkewe. Naetwe akafika shambani na jembe lake, akakuta mfereji mkavu na maharage yamelala kama wagonjwa.

"Baba Senyaeli, maji yetu yako wapi?"

"Nimeyatoa sadaka. Mimi ndiye kichwa cha nyumba hii."

"Kichwa gani hicho kisicho na masikio?"

Tangu hapo wakanuniana. Salamu hakuna, karibu chakula hakuna. Lakini sheria ni sheria: magoti yakapigwa, na hapo ndipo ibilisi alipopata kiti cha mbele.

"Ee Mola Mtukufu," akaanza Mbonea, macho kayafumba kwa unyenyekevu, "umrehemu mja wako mmoja, simtaji jina, ambaye ulimi wake waweza kunyoa kondoo."

"Amina," akaitikia bibi.

"Ee Baba wa rehema," akapokea Naetwe, "wafundishe waja wako kwamba sadaka hutoka katika jasho la mtoaji, si katika maharage ya mtu mwingine. Hasa wale wanaohubiri."

"Amina," akasema bibi, safari hii kwa shingo upande.

Ikawa ndiyo desturi. Mchana Naetwe hakutulia. Alipalilia akitunga sala, akasaga akiinoa, akachota maji huku anacheka peke yake kwa kombora alilolipata. Alijua anamfanya Mungu tarishi wa matusi. Alijua, na bado akaendelea. Mwisho akafunga nguo zake kwenye shuka. Kesho angerudi kwao, naye alijua fika: akishuka mlima ule na mzigo, hapandi tena.

Jioni hiyo Mbonea akamwombea mwanamke mgomvi kwa kirefu na mapana. Alipomaliza, akangoja Amina. Bibi hakuitikia.

"Mama... Amina," akanong'ona Mbonea.

"Siitikii. Siku zote hizi nayagongea muhuri matusi yenu. Mola akiniuliza, nimjibu nini? Gombaneni wenyewe, mimi nina njaa."

Zamu ikawa ya Naetwe. Sala yake ilikuwa tayari, imenolewa mpaka inang'aa. Akafungua kinywa, ikamkwama. Alipotafuta la kusema akakuta moja tu, lile la kweli, nalo halikuwa na makali hata kidogo. Akafumbua macho, akamgeukia mumewe.

"Baba Senyaeli, si maharage. Ulizungumza na jirani, ukazungumza na wazee wa mfereji, mimi ukaniruka. Nikaona basi, kwako mimi si mtu. Nimeumia. Nami nimekutukana mbele za Mungu. Nisamehe."

Mbonea alikuwa angali amefumba macho. Hasira ya mkewe alikwisha kuizoea. Maumivu yake hakuyajua. Akafumbua macho polepole.

"Nilijua utakataa," akasema. "Nikaona haya, watu wasikie nimekataliwa na mke. Nimekosa, mama Senyaeli."

"Ningekataa kweli. Tungegombana, halafu ningekubali."

"Sasa huko kugombana si mngeanza nako?" akauliza bibi, akakivuta chungu.

Wakasemezana pale pale walipopiga magoti, mahali pengine kwa ukali, hadi chakula kikapoa. Asubuhi Naetwe hakuteremka mlima.

Enyi wapendwa mlio katika ndoa, siku hizi hata magoti hatuyachoshi. Tunapandisha mstari wa Biblia kwenye stetasi ya simu, jina hatutaji, na mlengwa yuko chumba cha pili anausoma. Kiroho kweli kweli! Mungu naye anausoma, na anajua si yeye aliyeandikiwa. Weka simu chini. Nenda chumba cha pili.