Azalea ya Kaburi la Bi Mwanahawa

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, maana masikini hana zamani ndefu, kule milimani Lushoto alikuwepo mama mmoja, Bi Mwanahawa. Mbele ya mlango wake palikuwa na azalea, kichaka cha maua. Mwaka mzima ya kijani. Ukifika msimu wake, inachanua pinki hadi majani huyaoni. Hakuipalilia kwa jembe, maana mizizi yake iko juujuu. Aliifunika shina kwa majani ya misonobari, akainywesha maji ya mvua. Basi.

Alipokuwa anakata roho akasema, "Msinijengee marumaru. Nipandieni azalea yangu kichwani."

Wakaihamisha na udongo wake, wakaipanda. Mumewe, Mzee Shekalage, macho yalikuwa yakififia. Akawaambia wanawe watatu, "Nataka niione ikichanua mara moja tu, kabla sijaingia gizani." Kila asubuhi akauliza, "Imechanua?" Wakamjibu, "Bado, baba."

Mbelwa, mkubwa, akaja kutoka mjini kwa hitima ya mwaka. Akakuta kaburi limeota ukungu. "Wageni watasemaje? Watoto tupo, kaburi kama la mkiwa!" Akalipaka chokaa, likang'aa kama jino. Mvua ikanyesha, chokaa ikateremka mizizini.

"Imechanua?"

"Bado, baba."

Saumu, wa pili, ndiye aliyemuuguza mama na kumpikia baba. Akaona majani yamekuwa manjano, mishipa tu ndiyo ya kijani. "Ina njaa, maskini." Kila akizoa jiko akalibeba jivu, akalimwaga pale, kama alivyofanya kwenye kabichi zake. Na kabichi zake, by the way, zilisifiwa soko zima.

"Imechanua?"

"Bado, baba."

Hiza, kitindamimba, alikuwa na digrii ya kilimo na kiti cha plastiki barazani. Ajira zilikwenda kwa watoto wa wenyewe. Tuliache hilo, nisije nikatukana. Huyu alijua. Siku ile ya chokaa alisema, "Kaka, usiweke. Azalea inataka udongo mchachu. Chokaa inaiua, jivu nalo linaiua."

Mbelwa akacheka. "Profesa! Digrii yako imeotesha nini mpaka leo? Ukipata mshahara uje unifundishe."

Saumu naye akacheka. "Mwache Profesa, ale kwanza."

Hiza akafunga mdomo. Akakaa kwenye kiti chake, akamtazama dada yake akimwaga jivu, asubuhi kwa asubuhi.

Azalea ikakauka.

Asubuhi moja baba aliuliza, na hakuna aliyejibu. Akaenda mwenyewe, akipapasa. Akashika vijiti, vikakatika. Akaviokota kimoja kimoja, akavitia mfukoni mwa koti. Kisha upande wa juu wa mteremko, ambako chokaa wala jivu havikufika, mkono wake ukagusa tawi lililolala chini ya majani ya misonobari, likaota mizizi lenyewe. Moja tu. Akalitia kwenye kopo la mafuta ya kupikia pamoja na udongo wake.

Mbelwa alipofika kutoka mjini, wakaanza kugombana.

Mbelwa akasema, "Nipe mimi, baba. Nilikosa nikimpa mama heshima. Hawa wanaishi hapa, na kaburi liliota ukungu wakilitazama!"

Saumu akasema, "Heshima ya siku moja! Nani alimwogesha mama kitandani? Nilikosa nikidhani nailisha, kaka. Aliyejua alikuwa amekaa nyuma yangu."

Hiza akasema, "Nilisema, mkanicheka. Sasa kosa langu ni kunyamaza? So nani mwingine hapa anajua kuitunza?"

Saumu akamgeukia. "Nikimwaga jivu, ulijua?"

"Nilijua."

"Na baba akikuuliza kila asubuhi, ukamjibu bado?"



Mzee Shekalage akanyoosha kopo mbele yake. Macho yalikuwa yameshazimika; hata tawi lile likichanua, ataligusa tu. Mikono mitatu ikalishika kwa pamoja. Akaipapasa yote, akauliza, "Huyu nani?" Hakuna aliyetaja jina.

Haya, nyinyi mliokaa hapa mkitikisa vichwa, ambao hamjawahi kupaka chokaa, kumwaga jivu wala kununa: je, nani alistahili kuachiwa kopo lile?