Ukurasa Uliomtetea Adui

Wametusimulia waliotutangulia katika imani, nasi tunapokea kwa adabu, ya kwamba katika nchi ya Uingereza, zamani zile Misa Takatifu ilipopigwa marufuku na mapadri wakawindwa kama mbweha, aliishi mchapaji mmoja mcha Mungu, jina lake Osmund Kirke. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kikohozi kisichokoma na ulimi mwepesi wa mzaha. Mtambo wake wa kuchapia vitabu vya Wakatoliki aliuficha juu ya dari ya ghala la shayiri. Mtambo ule ulikuwa na kishindo, du! du!, kama mlevi apandaye ngazi. Basi mkewe, Bibi Agatha, alikaa uani chini yake tangu asubuhi, akizipiga nguo kwa ubao wa kufulia, ili mpita njia adhani ni siku ya kufua. Shuka zilikuwa mbili. Zilifuliwa miaka mitatu.

"Bwana wangu," alisema Agatha siku moja, "shuka hizi zimetakasika kuliko roho zetu. Siku ya kiyama zitatupita mlangoni."

"Na ziende, mke wangu," akajibu Osmund. "Zitutandikie mahali."

Nyumbani mwao alijificha Padri Lambert, mja mnyenyekevu, akiandika kitabu kidogo juu ya kuwaombea marehemu walioko toharani. Hakukiandika kwa Kilatini cha wasomi. Alikiandika kwa Kiingereza cha jikoni na sokoni, maana wajane waliozika waume zao bila padri walikuwa na swali moja tu: Je, sala yangu inamfikia? Kitabu hicho kilimjibu Mwalimu Crale, bingwa wa elimu ya dini wa upande wa Serikali. Lakini mtu anayekimbia nyumba hadi nyumba habebi maktaba. Padri hakuwahi kukishika kitabu cha Crale. Maneno ya mpinzani wake aliyatoa katika barua ya rafiki.

Nakala mia nne zikachapwa, zikashonwa. Ndipo habari ikafika kwamba wapekuzi wa Serikali wako kijiji cha tatu, wanang'oa mbao za sakafu nyumba kwa nyumba, na hazitapita siku mbili watakuwa pale. Mkokoteni ukaletwa haraka, vitabu vifichwe chini ya majani makavu na kuondoka.

Osmund akafungua nakala moja, kama ilivyo desturi ya wachapaji, ambao huliona kosa wino ukishakauka. Akafika ukurasa wa arobaini na moja. Huo aliupanga Agatha, herufi kwa herufi, siku mumewe alipolala na homa. Osmund akausoma, akausoma tena, akaketi juu ya ndoo.

"Padri," akasema, "hapa umeandika kwamba Crale amesema, 'Amliliaye marehemu mbele za Mungu ni mpumbavu.' Hakusema hivyo."

"Umejuaje?"

"Kabla Mungu hajaniita kwenye dari hii, nilikuwa mchapaji wa mjini. Kitabu cha Crale nilikipanga mimi, kwa vidole hivi. Alisema hakuona katika Maandiko amri ya kuwaombea wafu. Kisha akaongeza, 'Lakini mama amliliaye mwanawe kaburini na kumtaja kwa Mungu, mimi sitamkemea, kwa kuwa sijui upana wa rehema.' Rafiki yako amekata mkia wa sentensi, akaweka mkia wa hasira yake."

Uso wa Padri ukasawajika. Akasema kwa sauti ndogo, "Astahiliye lawama ni mimi. Nitaungama, nitafanya kitubio. Nyinyi ondokeni leo hii. Siwezi kuruhusu mtu afe kwa ajili ya mstari mmoja."

"Baba yangu," Osmund akasema, "wewe dhambi hii umeiandika mara moja. Mimi nimeichapa mara mia nne."

Agatha akatupa ubao wake wa kufulia chini.

"Msikilizeni huyu!" akasema. "Crale anaandika kwamba tunaabudu vinyago, na wewe unataka kumpigia pasi maneno yake! Yeye angechelewa hata dakika moja kwa ajili yako?"

"Asingechelewa."

"Basi?"

"Basi, mke wangu, amri inasema usimshuhudie jirani yako uongo. Nimeitafuta mahali inapoongeza, 'isipokuwa jirani mwenye roho mbaya.' Sijaiona. Ukiiona wewe, niite, nitapanda mkokoteni wa kwanza."

 Agatha akaokota ubao, akarudi uani, akaanza kuzipiga shuka zile kwa nguvu hata ukingo wa moja ukachanika.

Kazi ile haikubali haraka. Karatasi hulowanishwa kwanza, ndipo ichapwe, kisha ianikwe mpaka ikauke. Osmund akaupanga upya ukurasa wa arobaini na moja, akayaweka maneno ya Crale yote, na mkia wake. Padri akaandika upya jibu lake, na ikamlazimu kufikiri zaidi, maana kumjibu mtu mwenye huruma ni kazi kubwa kuliko kumjibu mpumbavu. Siku nzima mtambo uligonga. Siku ya pili, mchana, wakakata ukurasa wa zamani katika kila nakala, wakabandika mpya kwa gundi ya unga.

Alasiri Osmund akawapandisha Padri na Agatha mkokotenini pamoja na vitabu. Yeye alibaki auvunje mtambo, ili asidhurike mwenye ghala.

"Nitakufuata," alimwambia mkewe.

"Umewahi kunifuata kwa wakati hata mara moja?" akajibu Agatha, machozi yakimtoka.

Wapekuzi walimkuta na wino mikononi na nakala moja kifuani. Walimuuliza alipo padri. Akasema, "Ninajua, na sitawaambia." Wakamvunja vidole vya mkono wa kuume, kimoja baada ya kingine, na kila mara walipouliza aliwajibu vilevile, ila sauti ilizidi kufifia.

Kitabu kikapelekwa kwa Mwalimu Crale akitolee hukumu mbele ya mahakama. Naye, kama waandishi wote tangu dunia kuumbwa, akatafuta kwanza jina lake. Akaliona katika ukurasa mweupe kuliko nyingine, uliobandikwa kwa gundi. Chini ya jina akakuta maneno yake mwenyewe, kamili. Akavaa joho lake, akaenda gerezani.

"Mchapaji," akauliza, "ukurasa huu ulibandikwa. Palikuwa na nini?"

"Uongo juu yako, bwana."

"Na mliuondoa lini?"

"Katika siku mbili za mwisho, wapekuzi wakiwa njiani."

Crale akakifunga kitabu. Akasema, "Mwezi nilioandika maneno yale nilimzika binti yangu. Wenzangu walitaka niyafute."

"Mimi nilipoyapanga," akasema Osmund, "nilijua kuna mtu ameyalilia. Nikamwombea marehemu wako, bila idhini yako. Uniwie radhi."

Crale alimwombea Osmund msamaha kwa mahakimu mara tatu, wakamjibu kwamba sheria ni sheria. Ijumaa, mvua ikinyesha, Osmund akapandishwa jukwaani. Karani alisoma mashtaka upesi, akaruka mstari mzima. "Rudi nyuma, ndugu," Osmund akamwambia kwa upole, "umeniachia kosa moja." Watu wakacheka, kisha wakaona haya. Kikohozi chake kilisikika mpaka kamba ilipokinyamazisha.

Crale hakuingia Ukatoliki, wala hatutamsingizia kwamba aliingia. Ila alikifungua kitabu chake kikubwa dhidi yetu, kilichongoja kuchapwa mara ya pili, akakuta mahali kumi na saba alipowanukuu Wakatoliki asiowahi kuwasoma. Akakizuia kisichapwe. Alimtafuta Agatha mwaka mzima. Alipompata alisimama mlangoni na kofia mkononi, akamwomba ampe vitabu vya Wakatoliki avisome mwenyewe.

Agatha alijua kwamba kuonyesha kitabu kimoja tu kungetosha yeye anyongwe. Akamtazama, akaingia ndani, akarudi na vitatu.

Ndugu katika imani, kuufia ukweli unaotusifu sisi wenyewe wengi wameweza, na Mwenyezi Mungu awalipe. Mja huyu aliufia ukweli uliomsitiri mpinzani wake. Mungu amjalie raha ya milele, na atujalie sisi, kabla ya kumjibu mtu, kusoma sentensi yake mpaka mwisho.