Kipande cha Suyin

Paukwa!

Pakawa!

Mmekaa?

Tumekaa, hatuondoki!

Hapo kale, nchi ya Uchina, palikuwa na mkamwana jina lake Suyin. Huko, mwezi wa nane kwa hesabu yao, usiku wa kumi na tano, mwezi ukiwa mpevu, watu hutandika meza uani, huuwekea mwezi matunda, kisha hukata keki ya mwezi. Hukatwa kwa hesabu: watu wa nyumba wangapi, vipande vingapi. Hata aliye safarini huwekewa chake. Asiyekatiwa si wa nyumba ile.

Nani alikanda unga? Suyin. Nani alichemsha maharagwe, akayaponda na sukari? Suyin. Nani alioka, macho mekundu kwa moshi? Suyin huyohuyo!

Mwaka wa kwanza mavyaa wake, yaani mama mkwe, Bi Guo, akakata vitano: chake, cha mumewe, vya wanawe watatu.

“Mama, na changu?”

“Wewe wa kuja tu.”

Na mume wa Suyin je? Anatafuna! Mwanamume mzima!

Mwaka wa pili, “Mama, na changu?” “Wewe wa kuja tu.” Mume anatafuna. Jamani, mimi damu inanichemka!

Mwaka wa tatu Suyin akauliza tena, akajibiwa vilevile. Sungura wa mwezini, anayetwanga dawa kule juu, akasikia. Akautupa mchi, akaruka, puu! mezani.

“Bi Guo, vipande vingapi?”

“Vitano.”

“Watu wangapi?”

“Watano.”

“Na huyu aliyeoka?”

“Huyo wa kuja! Hakuzaliwa humu.”

“Kumbe! Wewe ulizaliwa humu?”

Bi Guo naye aliletwa bibi harusi, kutoka ng'ambo ya mto.

“Basi wa nyumba ni wanne,” Sungura akasema. “Kipande kimoja kimezidi.” Akakitwaa cha Bi Guo, akampa Suyin.

Suyin akala huku analia. Mnauliza kama alimmegea mavyaa? Thubutu! Hata chembe.

Mwaka wa nne Bi Guo alihesabu kwa sauti, kisu mkononi. Akaanza na Suyin.

Basi wanangu, aliyekanda ahesabiwe. Na wewe baba unayecheka hapo, mkeo yuko jikoni, umemwachia nini?

Ngano imekoma. Ikiwa tamu tugawane, ikiwa chungu nitaila mwenyewe.