Dawa ya Hofu ya Mama Edda

Wapendwa, leo nina habari ya mama mmoja, na kabla hujamhukumu, jiulize wewe ungefanya nini.

Tumwite Mama Edda. Aliishi na mume wake, binti yao mdogo ambaye ndiyo kwanza ameanza kusema maneno yanayoeleweka, na baba mkwe. Yule mzee alikuwa amevunja mawe machimboni tangu ujanani, na sasa alikuwa akikohoa kikohozi kile kinachowafanya watu mezani waache kutafuna. Mnakijua.

Kila mzee alipokohoa, Mama Edda alishtuka. Mtaani walikuwa wamemzika jirani aliyekufa kwa kifua kikuu, naye alikuwa ameingia chumba cha yule jirani na kuona mifupa imelala kitandani. Kwa hiyo alimtengea mzee kikombe, sahani na kigoda. Mwisho akamhamishia chumba cha uani. Mtoto akikimbilia uani, mama anamrukia na kumbeba juu juu kama aliyemwokoa kwenye moto.

Mzee hakulalamika. Alisema tu, "Mkwe, hata kumsalimia?"

"Msalimie kutoka huko huko, baba."

Lakini hofu, wapendwa, haishibi kwa kikombe kimoja. Siku mtoto alipopiga chafya, Mama Edda alikwenda dukani kununua dawa.

"Mtoto ana nini?" muuza dawa akamuuliza.

"Anakohoa. Nipe ile ya maji, ya kuua vijidudu."

"Amepimwa?"

"Mpaka nipange foleni, si atakuwa amekufa? Nipe tu."

Akapewa. Mafua yakapita, kama mafua yapitavyo. Naye akaamini kwamba ni dawa. Tangu hapo, pua ikichuruzika, dawa. Mtoto akiwa na joto kidogo, dawa. Hata siku ambazo mtoto hakuwa na kitu, ila mzee amekohoa sana kule uani, mama alichukua kijiko. Anasema, "Ya kinga."

Tumbo la mtoto likaanza kuharibika. Anaharisha, anapona, anaharisha tena. Akaacha kula. Kisha kikaja kikohozi ambacho dawa ya duka haikukigusa, na homa za jioni, na shingo ikawa nyembamba hata shanga zikamlegea. Mama Edda alikuwa akiamka kumwekea mkono kifuani, kusikia kama bado anapumua. Mnajua mkono ule? Akina mama mliolea mnaujua.

Ndipo akaenda hospitali. Daktari, mwanamke mtu mzima asiye na haraka, akampima mtoto, akampiga picha ya kifua, akamwita mama akae.

"Mama, ni kifua kikuu. Kinatibika. Lakini niambie, amekuwa akitumia dawa gani?"

Mama Edda akazitaja zote. Alidhani atasifiwa.

Daktari akasogeza kiti chake karibu. "Sikiliza. Ndani ya utumbo wetu kuna bakteria wengi mno, na wengi wao ni wenyeji wema. Wanasaidia kusaga chakula, na wanasaidia mwili kujifunza kupigana na maradhi. Wataalamu wanaona kwamba msaada huo unafika hata mapafuni. Dawa ulizompa hazichagui. Zinaua mbaya na mwema."

"Kwa hiyo ni mimi niliyemletea?"

"Hilo siwezi kukuapia. Bado wanalichunguza, na kifua kikuu kinawapata hata watoto ambao hawajawahi kuonja dawa. Ninachojua ni kwamba alikuwa anamezeshwa dawa za ugonjwa ambao hakuwa nao."

Kisha daktari akamwekea mezani vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, vya kunywa kila siku kwa miezi kadhaa.

Mama Edda akavisukuma. "Hapana. Umetoka kuniambia dawa zimemmaliza tumboni, halafu unanipa nyingine? Miezi? Mimi mwanangu simuui mara mbili."

Mnaona, ndugu? Jana hofu ilimwambia mpe. Leo hofu ile ile inamwambia mnyime. Na mtoto amelala mapajani, anahema.

"Mama," daktari akasema, "hizi ninampa kwa sababu adui nimemwona. Na yeye nikimwacha, ataua. Zile ulimpa kwa sababu uliogopa. Mgonjwa alikuwa hofu yako, na mtoto ndiye aliyemeza dawa."

Mama akalia. Lakini vidonge hakuvigusa. Daktari akamwambia, "Basi waite wote wa nyumbani tuwapime. Aliyemwambukiza lazima apatikane."

Hapo Mama Edda alipata nguvu. Aliyemwambukiza alikuwa anamjua! Alimleta mzee hospitali akimtangulia hatua kadhaa, na mume wake akiwa katikati kama ukuta. Wote watatu wakatoa makohozi. Wakangoja kwenye benchi, mzee akikohoa upande wake, mama akimfunika mtoto uso kwa kanga.

Daktari akatoka.

"Mzee, kifua chako kimeharibiwa na vumbi la mawe. Tutakuangalia, lakini kifua kikuu huna. Na baba Edda, wewe pia huna." Akageuka. "Mama, wewe unacho."

"Mimi? Mbona mimi sikohoi?"

Mume wake akasema polepole, "Unakohoa, mama Edda. Kila asubuhi. Unasema ni moshi wa jiko."

Wapendwa, fikirini mama yule. Miezi yote hiyo alikuwa akimnyakua mtoto kutoka uani, na kumkumbatia kifuani mwake mwenyewe.

Akamwondoa mtoto kifuani haraka, akamshika mbali na mwili wake. Na aliyenyoosha mikono kumpokea alikuwa mzee.

"Mkwe, mlete," alisema. "Wewe una dawa zako za kunywa. Daktari, nionyeshe namna ya kuyeyusha vidonge hivi vya mtoto."

"Baba..." Mama Edda akaanza.

"Tutaongea ukipona."

Mzee ndiye aliyemnywesha Edda kila asubuhi. Mtoto alitema, alipiga mateke, alimtapikia. Mzee alifuta na kurudi kwa daktari kuuliza. Alimpikia uji, akamtafutia mtindi na mboga, na tumbo likatulia taratibu. Mama na mtoto walipona wote wawili. Kwa nini mtoto alianguka upesi vile, kama ni tumbo au ni bahati mbaya tu, mama yule hajui, wala hatajua.

Sisi je? Sisemi ugonjwa ni adhabu, Mungu apishe mbali. Wala sisemi mkaogope dawa. Nasema tunapenda kwa hofu, na hofu haina subira ya kupima. Kijana amechelewa kurudi, tunampiga kabla ya kumuuliza. Jirani amekonda, tunamhama. Tunawanywesha wenzetu dawa za maradhi yaliyomo ndani yetu, kisha tunashangaa nyumba inaharisha.

Sasa ngojeni. Nimesikia mtu amekohoa pale nyuma, na ninyi wote mmegeuka. Na wewe mwenye shali umehama benchi, nimekuona.

Geukeni mbele. Fungueni madirisha, hewa ipite. Na wewe mpendwa uliyekohoa, usitoke kwa aibu. Ziba mdomo kwa leso, ukae nasi, na kesho asubuhi nitakusindikiza kituo cha afya. Tutapimwa wote wawili, maana na mimi nimekuwa nikikohoa.