Sindano Isiyouma

Ngano naileta, ipokeeni!

Nyamizi alikuwa na mbwa mmoja tu, Tunu, mwinda nguruwe. Siku moja nguruwe alimpasua Tunu ubavu. Zimwi likatokea porini, likampa Nyamizi sindano.

"Mshone, mama. Hatasikia maumivu tena."

"Nimvishe na ngozi ya nyati, imkinge?"

"Ya nini? Asiyeumia anaogopa nini?" Likacheka.

Tunu akashonwa, akarudi porini. Akapasuliwa, akashonwa, akarudi. Mara ya tatu hakuyakwepa meno, kwani alikuwa amesahau kuogopa. Nguruwe akafa, na Tunu akafa, akitikisa mkia.

Nyamizi akajishona kifua kwa sindano ileile. Akapika nguruwe, akala, akaosha chungu.

Ngano yangu imefika mlangoni. Anayeweza kulia, alie.